Nimekwenda Ulaya Nimekuta Mahindi

Kwa Careen, Ujerumani
27 Juni 2024

Dada Notburga, shikamoo.

Mimi mdogo wako Kajetani nimefika na mwili wote, isipokuwa sikio la kushoto, hilo bado liko angani, linavuma tu. Mwanao Careen yupo, mashavu yameongezeka, anakuamkia. Wewe je? Goti linasemaje na baridi hii ya Juni hapo Mfaranyaki? Mahindi yangu yameshaingia ndani yote? Na mbuzi wangu mweusi, Tadei wa kilabuni asimsogelee. Yule nikikohoa tu huku atasema nilimwachia urithi.

Nakuandikia kwa sababu simu umeikataa. Sijui imekukosea nini. Tangu siku tuliyomzika shemeji Raphael umeifungia kabatini kama mtoto mtukutu. Huku Careen ananipa simu naongea na Songea nzima, hata na Tadei asiye na faida, ila dada yangu wa tumbo moja lazima nimtafutie stempu. Na mimi kusoma kwenyewe ni kwa ngumbaru, ukubwani, ukikuta herufi imelala iinue mwenyewe.

Sasa sikia maajabu. Koti unalikumbuka? Lile la mitumba, zito kama gunia lililonyeshewa. Ukasema Kajetani hilo koti litakuua. Nikakujibu wewe hujui Ulaya, Ulaya ni theluji, mtu akitema mate yanafika chini yakiwa jiwe. Nimeshuka kwenye ndege nimelivaa, vifungo vyote, na kofia ya sufu juu. Dada! Jua! Joto la Tunduru mwezi wa kumi na moja! Wazungu wamevaa kaptula, wengine vifua wazi, mimi natiririka katikati yao. Bibi mmoja akanionea huruma, akanisaidia kuvua, akasoma kile kitambaa cha shingoni, akacheka mpaka akashika ukuta. Careen akanitafsiria: koti limeshonwa mji wa jirani na hapo. Yaani koti limerudi kwao, mgeni ni mimi.

Nikasema haya, twende mjini nikaone maghorofa. Gari likaenda, likaenda, nyumba zinapungua badala ya kuongezeka. Likasimama. Nikamwuliza, "Careen, mji uko wapi?"

"Ndiyo hapa, Mjomba."

"Hapa wapi?"

Kanisa moja, nyumba chache, harufu ya mavi ya ng'ombe, halafu mahindi. Mahindi, dada! Kulia mahindi, kushoto mahindi, yamefika magotini. Nimetoka Songea kwenye mahindi, nimepanda basi, nimepanda ndege mbili, nimevuka bahari, nimekuja kutazama mahindi. Sasa mimi nitamsimulia nini Tadei? Aliniaga mbele ya kilabu kizima akasema, "Nenda Kajetani, ukirudi utatusimulia mpaka kata ya pombe ikauke."

Na jingine. Siku ya kwanza Careen kanipikia kuku. Nikanawa, nikakaa sawasawa kama mjomba mtu, nikangoja firigisi yangu. Ikaja sahani ya mapaja. Nikala polepole, nikafunua kila mfupa. Hamna. Nikasema mtoto kaisahau jikoni, nikaenda kuchungulia. Hamna. Huku kuku wanauzwa bila firigisi. Nani anazila, hakuna anayejua.

Lile ulilonituma bado sijalisema. Nalijua, usinikumbushe. Kaburi la Raphael kule Hanga halijajengewa, na fundi hawezi kugusa saruji mpaka mtoto wa kwanza atie udongo wa mkono wake, na mtoto wa kwanza ndiye huyu, ambaye mazishi yalimpita. Na mvua za Novemba zikilikuta tena wazi, msalaba utalala. Ninajua yote. Ila huwezi kuingia nyumba ya mtu na koti mkononi ukamwambia panga mzigo. Mpe mjomba wake nafasi. Mimi maneno nayajua, nimeshawaposea wake watu wangapi?

Mdogo wako, mtu wa Ulaya,
Kajetani


Mfaranyaki, Songea
12 Julai 2024

Kajetani,

Marahaba. Barua yako nimeichukua kwenye sanduku la parokia baada ya misa. Goti lipo palepale. Mahindi yako yameingia yote na panya wameshakaribishwa. Mbuzi kazaa mapacha, dume na jike. Mzee Iddi, jirani yetu wa Tunduru, kaleta korosho, anasema zako zinakungoja, ukichelewa atazila. Koti sisemi kitu.

Sasa nieleze. Tadei anapita mtaa mzima anasema umemwambia kwenye simu unalala ghorofa ya thelathini na asubuhi mawingu yanapita chini ya dirisha lako. Anasema umepanda treni inayopita chini ya bahari, ukaona tumbo la nyangumi. Watoto wa hapa wanamfuata kama anagawa pipi. Mimi barua niliyosoma ina ng'ombe. Mimi nimwambie nini? Nimemwacha apite, lakini kicheko kimenitoka puani.

Nilikwenda Hanga na basi la Namtumbo. Kaburi limezama upande wa kichwani. Nimelijazia udongo kwa mikono, lakini udongo wa kujazia unaujua, mvua moja tu. Fundi anauliza kila akiniona. Mimi nimechoka kumkwepa mtu njiani kama mdeni.

Mwulize Careen anakuja au haji. Neno moja. Usimzungushe na hadithi zako, na usimwulize mengine.

Simu niache nayo.

Dada yako,
Notburga


Ujerumani
24 Julai 2024

Dada, shikamoo.

Mapacha! Nilikwambia yule mbuzi ana damu ya kwetu. Dume mwite Ulaya. Sisi huku wazima wa mwili, ila moyo wangu umevimba, na utanisikiliza mpaka mwisho.

Kwanza, jua la huku halijui kwenda nyumbani. Mtu unakula chakula cha usiku jua linakutazama usoni. Careen anaondoka alfajiri, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha na kuwalisha, mimi mzee wake nabaki peke yangu na saa ya ukutani. Nikitoka nje nasalimia watu, "Shikamooni! Habari za asubuhi!" Wananitazama kama mbwa aliyeongea. Siku nzima sijasema neno na mtu. Mimi, dada! Mimi ambaye msibani huwa mnaniomba ninyamaze ili marehemu naye asikike!

Basi nikawa natembea kwenye mahindi. Yameshanipita kichwa. Jirani yake Careen ni mkulima, anaitwa Yosefu, mzee kama mimi lakini mnene. Nikamwuliza Careen, mahindi yote haya wanasaga wapi? Akasema, "Mjomba, haya hayaliwi na watu. Ni ya ng'ombe." Nikakaa chini. Wanayakata mabichi, na mabua yake, wanayafukia chini ya turubai la plastiki mpaka yachache. Nimenusa ya mwaka jana kwa pua yangu. Ni komoni, pombe yetu ile ile ya mahindi! Ng'ombe wa huku wanakula komoni, binadamu wanakunywa maji yenye mapovu. Nikamwambia Careen, ningejua ningekuja kama ng'ombe.

Pembeni ya shamba Yosefu ana maboga. Yametambaa, majani laini, yale machanga yenye manyoya, hakuna anayeyagusa. Kwetu hiyo ni mboga inayoharibika, hata mwenye shamba anakushukuru ukimpunguzia. Nikachuma ncha zote, nikajaza kofia ya sufu, angalau nayo ipate kazi. Careen aliporudi akaziona mezani, hakuuliza zimetoka wapi. Akamenya nyuzi, akazipika, akasonga ugali wa unga wa njano, ule ule tuliokula mwaka wa njaa tukauita unga wa Yanga. Dada, mtoto alikula. Alikula mpaka akakwangua sufuria. Hata nikaona hapa ndipo, shingo imelainika.

Nikamwambia, "Mwanangu, mama yako kanituma. Kaburi la baba linakungoja wewe."

Akaacha kutafuna. Akauliza, "Mama ndiye aliyekutuma?"

"Nani mwingine? Padre?"

"Amesema kwa mdomo wake, Careen aje?"

"Amesema nikuulize kama unakuja."

"Hiyo siyo niliyouliza, Mjomba."

Akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa. Nikamwita, akasema kazini watu wachache, likizo ngumu. Nikamwita tena, akafungua maji kwa nguvu.

Mara mlango ukagongwa. Yosefu, uso kama nyanya, kashika kamba ya boga haina kichwa. Kumbe yale maboga siyo ya kula wala ya ng'ombe. Anayalea yawe makubwa, kuna mashindano ya kanisa lao, boga zito kuliko yote linapewa kikombe. Kila siku anayapima na utepe kama fundi cherehani! Nami nimemkatia ncha zote usiku wa kuamkia kunenepa. Careen aliomba radhi kwa Kijerumani mpaka nikamwonea huruma. Nilimwambia amweleze Yosefu kwamba boga likichumwa majani linapata adabu. Hakutafsiri.

Sasa nakuuliza mimi. Swali gani lile la "kwa mdomo wake"? Kuna kitu baina yenu ambacho mimi sikupewa? Mimi mjumbe, dada. Mjumbe hatumwi na nusu ya habari. Nijibu.

Kajetani


Mfaranyaki
7 Agosti 2024

Kajetani,

Marahaba. Wote wazima. Ulaya anakunya ndani.

Nilikutuma swali moja, umenijibu na maboga.

Hakuna kitu. Mtoto akiitwa na wazazi anakuja, sisi tulikuwa hivyo. Kama kazi ya kuogesha wazee wa watu inamzuia kumwekea baba yake udongo, aseme haji, nijue. Nitamwambia fundi ajenge, watu watasema watakavyosema, nami nitakaa hapo hapo kaburini niwasikilize.

Usiniandikie tena habari ya nani kasema nini. Andika anakuja au haji.

Notburga


Ujerumani
17 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo, na hiyo shikamoo nimeitoa kwa shida.

Nianze na dogo kwa sababu hata hilo linaniuma. Yosefu hasira zimemwisha, maana boga moja lilinusurika na sasa linakua peke yake kama mtoto wa tajiri. Jumapili akatuita kwake. Amechinja kuku, wa kwake, wa kienyeji, nimemwona akikimbia na miguu yake mwenyewe. Nikasema Mungu si Athumani, leo ndiyo leo. Nikaenda jikoni kabisa kusimamia. Mkewe akampasua, akatoa ini, akatoa moyo, halafu ikatoka firigisi, dada, nene, inang'aa, ukubwa wa ngumi ya mtoto mchanga. Macho yangu yakajaa maji. Nikamnyooshea kidole, nikajigonga kifua, mimi, mimi, mjomba. Akatabasamu, akaikata vipande vinne, akampa paka.

Paka!

Nilirudi nyumbani nimenuna. Careen akanicheka njia nzima, cheko lile la utotoni, la kushika mbavu. Tukiwa tumefika mlangoni akasema, "Mama angekuwepo angemnyang'anya yule paka." Halafu cheko likageuka, akakaa kwenye ngazi, akaanza kulia. Nikakaa naye. Na hapo ndipo nikapewa ile nusu ya habari uliyoninyima.

Raphael alipokufa, vibali vya Careen vya kukaa huku vilikuwa ofisini, vinasubiri mhuri. Akitoka bila vibali hivyo, harudi tena, na kazi imekwisha. Alikwenda pale ofisini kila asubuhi, anasimama mlangoni kabla hawajafungua. Vilitoka baba yake ameshazikwa. Siku ya mazishi yenyewe alikupigia, ameomba ruhusa kwa wale wazee wake, kajifungia chooni ili akulilie. Nawe ukamwambia, "Baba yako amezikwa na watoto wa jirani. Kaa huko huko. Usikanyage kaburi lake." Ukakata. Ukaifungia simu kabatini.

Kumbe simu haijakukosea kitu.

Dada, wewe ni mkubwa wangu, umenibeba mgongoni, lakini leo nitasema. Umenivusha bahari na koti nimelivaa, nikamwulize mtoto swali ambalo jibu lake umelikalia wewe! Mzazi ametamka usikanyage, tena siku ambayo udongo ni mbichi. Atakanyagaje? Nani kwetu angekanyaga? Hata mimi, na ujeuri wangu wote, nisingethubutu. Ndiyo maana anauliza kama umesema kwa mdomo wako. Anangoja mdomo ule ule. Wa kwangu haufai, nao ni mkubwa, lakini haufai.

Na unajua kinachofanywa. Nilipogombana na baba nikakimbilia Tunduru kwenye mikorosho, alinitamkia nisionje tena ugali wa nyumba yake. Nikakaa kule nimekonda kama ufito. Ni nani alimbembeleza baba mpaka akashika unga wa shamba lake, akautolea neno, akaufunga kwenye kitambaa? Na nani aliuleta mpaka Tunduru akaniwekea ulimini? Wewe, dada. Kwa miguu na kwa malori. Sasa leo wewe ndiye mwenye neno, unajifanya hujui unga unakaa wapi.

Ukitaka kusema padre hapendi mambo hayo, usiniambie mimi. Padre hakuwepo kwenye ile simu.

Mimi nimechoka. Nilikuja kuona Ulaya. Nimeona mahindi ya ng'ombe, boga la mashindano, paka anayekula firigisi, na mtoto wetu analia kwenye ngazi. Hakuna hata moja la kumsimulia Tadei. Katikati ya Septemba muda niliopewa unakwisha, nitapanda ndege, na nikirudi peke yangu usinilaumu.

Kajetani


Mfaranyaki
27 Agosti 2024

Kajetani mdogo wangu,

Marahaba.

Barua hii anakuletea Bradha Gaspari wa monasteri ya Hanga, anakwenda kwa watawa wenzake huko Ujerumani, nimemfuata mpaka getini. Mpeni chai, ni mtu wa kwetu, na asiondoke na njaa.

Huku kumeanza kupata joto. Kuku wametotoa. Jogoo mwekundu yupo, amekuwa mkorofi, anamfukuza Tadei kila akipita kuuliza habari za nyangumi. Mzee Iddi korosho zako amezila, anasema umechelewa.

Ndani kuna karatasi nimeikunja. Ni unga mweupe, mahindi ya shamba la Raphael, nimeyatwanga mwenyewe kwenye kinu, mashine sikupeleka. Mpe Careen mkononi. Wewe usionje, naujua mdomo wako. Niliyoyasema nilipokuwa nakunja ni yangu na yake.

Fundi nimemwambia angoje.

Simu nimeitoa kabatini. Nimeichaji. Bado sijaiwasha.

Dada yako


Ujerumani
5 Septemba 2024

Dada Notburga, shikamoo sana.

Sisi wazima. Bradha Gaspari amefika, amekunywa chai, amekula kama mtu aliyefunga Kwaresma mbili, kesho anaenda kwa wenzake. Lakini kufika kwake usiombe.

Dada, hivi wewe ulifikiri? Mtu mweusi, kanzu nyeusi, ametokea Afrika, kwenye begi ana unga mweupe umekunjwa kwenye karatasi ndogo! Wale wa uwanja wa ndege walipoufungua waliitana wote. Wakadhani ni ule unga mwingine. Wakamweka Bradha chumbani, akaletwa mbwa, mbwa akanusa akaondoka zake, wakaleta na chupa za dawa. Wanamwuliza, hiki ni nini? Anasema, ni sembe. Ni ya nini? Bradha wa watu, mtu wa sala, aanze kuwaeleza habari za kaburi la Raphael na kinywa cha Notburga? Akawaambia, "Ni mama mmoja anamsamehe mwanawe." Wakamtaka arudie. Akarudia. Nasikia mmoja wao, mwanamke, ndiye aliyesema basi, mwacheni.

Lakini dada, kwa kupima na kumwaga na kupima tena, wameumaliza! Bradha alipoifungua karatasi hapa mezani nilitaka kulia. Umebaki kwenye mkunjo tu, wa kufunika ukucha. Nikasema nimekwisha. Safari yote hii, maneno yote haya, mbwa wamenusa, umebaki huu? Nikaanza kufoka, nikamfokea Bradha, nikawafokea Wajerumani, nikalifokea hata koti ukutani.

Careen akasema, "Mjomba, nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Andika tarehe.

Akailaza ile karatasi kiganjani, akaigonga na kidole mpaka punje zote zikakusanyika. Akaziweka ulimini. Akafumba macho, akakaa hivyo muda, mdomo umefungwa, asije akapoteza hata moja. Sikumwuliza amesikia nini. Alipofumbua akaniambia, "Ni wa shamba la chini, karibu na mto." Nikamwambia utajuaje wewe? Akasema, "Najua." Akaikunja karatasi, akaitia kwenye pochi yake ya kazini.

Asubuhi alikwenda kuomba likizo. Wamemkatalia. Amerudi, amekunywa maji, amekwenda tena, akasimama mlangoni kwao kama alivyosimama pale kwenye vibali. Mimi nimemsindikiza, na koti nimelivaa makusudi wanione mzee wa watu ninavyoteseka na joto. Wamempa wiki mbili, kwa kununa. Tunaondoka pamoja, tarehe kumi na tano tuko Dar, kisha basi. Mwambie fundi anunue saruji.

Barua hii ikitutangulia, vizuri. Ikichelewa nitakuja kuisoma mwenyewe na wewe ujifanye hujui. Ila simu iwashe. Atapiga. Usitafute maneno, dada, mimi ndiye mwenye maneno nyumba nzima na nakwambia hapo hayatakiwi. Mwitikie tu.

Tadei mwache na nyangumi wake. Nitamwongezea na theluji, nitamwongezea na ghorofa nyingine kumi, na boga ambalo watu waliishi ndani yake, nitamwaga mpaka kilabu kifungwe. Hili la unga simwambii. Hili hawezi kuliamini, na mimi sitaki mtu acheke.

Ukichinja yule jogoo mwekundu, firigisi usiniwekee mimi. Najua siyo desturi, najua mtoto wa kike hapewi, na najua nimeilalamikia toka Juni. Mwekee yeye. Anakuja kumtilia baba yake udongo, siku hiyo mkubwa wa nyumba ni yeye. Mimi nitakula shingo.

Lakini paka wako umfungie.

Mdogo wako,
Kajetani